Watoto wanabagua, tena mapema

Wiki hii mzazi mwingine ameniambia: "Watoto hawana ubaguzi, wao wanacheza tu." Kila nikiisikia kauli hii namkumbuka mtoto mwenye tatizo la akili anayekaa peke yake wakati wenzake wanacheza, kwa sababu ndiye anayeilipia.

Wanaoanza shule wanakuja na maneno tayari: chizi, mwehu, punguani. Maana yake hawaijui, ila wanajua ni tusi. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2000 ulipitia vipindi vya watoto vya wiki moja kwenye televisheni na kukuta karibu nusu vinagusia wazimu kwa namna fulani. Kisha tunauliza wameyatoa wapi.

Wapo pia wanaodhani magonjwa haya ni ya watu wazima. Karibu theluthi ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni ule ushauri unaotolewa kama dawa: "Waambieni ni ugonjwa wa ubongo, watamwelewa." Mtoto anayemtazama mwenzake aliyebadilika ana maswali matatu: Amejitakia? Atanidhuru? Atapona? Mwaka 2005 Patrick Corrigan na wenzake walionyesha kwamba vijana wa Marekani walimwona mwenye tatizo la akili kuwa mwenye lawama na wa hatari kuliko mwenye saratani ya damu. Habari ya ubongo inajibu swali la kwanza, lawama inapungua. Mawili yaliyobaki inaweza kuyachochea. Mvulana mmoja alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akasema: "Kama ubongo wake umeharibika, basi ndiyo hivyo, haponi." Nimetumia maelezo hayo kwa miaka, bado nayatumia kwa sehemu, na siyaamini tena kama zamani.

Halafu watoto hawabagui matatizo yote kwa namna moja. Asiyetulia, anayeropoka na kuvuruga mchezo, wanamhesabu mkorofi wa makusudi, kwa hiyo wanamkasirikia na kumfukuza waziwazi. Mwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, hafukuzwi. Anasahauliwa tu: hachaguliwi kwenye timu, haulizwi jana alikuwa wapi. Yule wa kwanza mwalimu atamwona kabla ya mapumziko. Huyu wa pili anaweza kumaliza muhula mzima hivyo, na ripoti ikaandikwa "mtulivu".

Nilimwona msichana wa miaka tisa akilisogeza dawati lake kwa kisigino, polepole, macho yakiwa ubaoni, mpaka likapatikana pengo la kupita mtu. Jirani yake alikuwa amerudi shuleni baada ya majuma kadhaa ya matibabu. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwa adabu: "Mama kasema nisimsumbue." Nilizungumza na mama yake. Hakuwa amesema neno lolote baya. Alikuwa ameshusha sauti alipolitaja jina la yule mtoto, basi, na bintiye akaisikia ile sauti kuliko maneno.

Mwalimu hakutoa hotuba. Aliwapa wawili hao kazi moja, karatasi moja kubwa na pakiti moja ya kalamu za rangi. Siku ya tatu madawati yalikuwa yamegusana. Muhula uliofuata nilipopita tena pengo lilikuwa limerudi, dogo kuliko la mwanzo, na mwalimu alikuwa anatafuta karatasi nyingine.