Turner alikuwa ndani ya ile stima

Picha ya rangi ya mafuta ya mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner iitwayo Staffa, Fingal's Cave (Staffa, Pango la Fingal) ilionyeshwa London mwaka 1832. Kushoto, majabali ya kisiwa cha Staffa, Uskoti, yamefifia katika ukungu wa mvua. Upande wa pili jua linatua. Na pale baharini kuna stima ndogo nyeusi ya abiria, Maid of Morven, inaburuta moshi mrefu unaokwenda kuchanganyika na mawingu.

Dhana: Turner aliichukia stima, ndiyo maana akaichora kama doa jeusi.

Ukweli: alikuwa abiria wake, mwaka 1831, na safari aliisimulia mwenyewe katika barua ya mwaka 1845. Upepo wa omo, yaani unaovuma kutoka mbele, na mawimbi viliwachelewesha. Walipofika Staffa wakapewa saa moja tu. Waliparamia miamba upande wa demani, uliokingwa na upepo. Baadhi wakaingia katika Pango la Fingal, wengine wakakataa, maana wimbi likiingia mle ndani mtu hayuko salama. Waliporudi chomboni, nahodha akasema safari ya kwenda Iona, kisiwa kingine cha jirani, ina mashaka. Abiria wakapiga kura: Iona liwalo na liwe, au kurudi bandarini Tobermory? Wengi wakataka kurudi. Ili kuwapoza walionuna, nahodha akaahidi kukizunguka kisiwa mara tatu, na katika mzunguko wa mwisho jua likapasua wingu kwa hasira. Ndilo hilo tunaloliona. Baadaye upepo uliwalazimisha kujibanza kwenye ghuba ya Ulva, na hawakufika Tobermory kabla ya usiku wa manane.

Kwangu mimi, hapo ndipo picha inapogeuka. Turner aliiona jioni ile akiwa sitahani, lakini akaichora kutoka nje, yeye mwenyewe akiwa ndani ya kile kitu cheusi kidogo.

Dhana: wakati huo stima ya abiria ilikuwa kioja.

Hapana. Stima Comet ya Henry Bell ilianza kubeba abiria mtoni Clyde, Uskoti, mwaka 1812. Kabla yake Robert Fulton alibeba abiria kwa stima New York mwaka 1807, na kabla ya Fulton, John Fitch alifanya hivyo mtoni Delaware, Marekani, mwaka 1790.

Dhana: kazi nzuri hivi lazima iligombaniwa.

Ilikaa miaka 13 bila mnunuzi. Mwaka 1845 James Lenox wa New York akainunua kwa pauni 500, kupitia mchoraji C. R. Leslie. Ilipomfikia, akalalamika kwamba haionekani wazi. Jibu la Turner limenukuliwa kwa miaka mingi kama majigambo: kutoonekana wazi ndio umahiri wangu. Lakini barua ya Leslie kwa Lenox ina neno jingine: ndiyo kasoro yangu. Naliamini hilo la pili, nalo linanigusa zaidi. Leo picha iko New Haven, Marekani, katika Yale Center for British Art, na ule ukungu aliouita kasoro ndio unaowasimamisha watu mbele yake.