Veikko Hakulinen: mtu wa kilomita 50 aliyeshinda kwa sekunde 0.8

Mwaka 1952 mjini Oslo, Veikko Hakulinen wa Ufini alishinda mbio za skii (mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni kuteleza kwenye theluji) za kilomita 50 za Olimpiki kwa muda wa saa 3, dakika 33 na sekunde 33. Wa pili, Mfini mwenzake Eero Kolehmainen, alifika zaidi ya dakika nne na nusu baadaye. Katika michezo hiyohiyo Ufini ilitwaa dhahabu ya kupokezana, kilomita 10 kwa kila mtu, na bingwa huyu wa 50 hakuwamo kikosini. Miaka minane baadaye, huko Squaw Valley, Marekani, Wafini walimkabidhi yeye zamu ya mwisho ya kupokezana, ile zamu ambayo mtu hukimbia akiwa na nchi nzima mgongoni. Alikuwa na miaka 35.

Mimi ni kocha wa wakimbiaji wa masafa marefu, na habari hii inanigusa kikazi. Kila msimu naona vijana wanagawanywa mapema mno: wewe ni wa mita 1,500, wewe ni wa marathoni, na mjadala umekwisha. Ndiyo maana nimemfuatilia Hakulinen kwa miaka mingi. Nilitaka kujua ni kitu gani kilichomwezesha kuwa tishio katika kilomita 10, 15, 30 na 50 kwa wakati mmoja.

Alizaliwa Januari 4, 1925 huko Kurkijoki, Karelia, eneo ambalo baada ya vita lilibaki upande wa Umoja wa Kisovieti na leo limo ndani ya Urusi. Kazi yake ilikuwa bwana misitu. Hilo si jambo dogo. Msitu wa Ufini wakati wa baridi hauingiliki kwa buti tu; theluji inakufika magotini. Skii hapo ni chombo cha kazi, kama baiskeli kwa bwana shamba wa kwetu. Mtu anayeingia msituni kila siku kwa skii anafanya mazoezi ambayo hakuna kocha anayeweza kuyapanga.

Nilielewa vizuri zaidi nilipokwenda Ufini kwenye kozi ya makocha. Mwalimu hakuanza na theluji. Alitusimamisha ukumbini, kwenye sakafu, kila mtu juu ya skii zake. Akachukua karatasi ya kawaida ya kuandikia, akaiingiza chini ya skii yangu, usawa wa kiatu. Nikiwa nimesimama kwa miguu yote miwili aliivuta, ikatoka bila shida. Akaniambia nihamishie uzito wote mguu mmoja. Akaivuta tena. Ikabanwa, haikutoka.

Siri ya skii za mtindo wa zamani iko hapo. Skii imepinda kama upinde, sehemu ya kati imeinuka kidogo, na hapo ndipo panapopakwa nta ya kushika. Mbele na nyuma hupakwa nta ya kuteleza. Ukikandamiza kwa mguu mmoja, sehemu ya kati inagusa theluji, nta inashika, nawe unajisukuma. Ukiachia, inainuka tena na skii inateleza. Ukichelewa kidogo tu kuhamisha uzito, skii inarudi nyuma na nguvu yako imemwagika bure. Na nta yenyewe inataka ujuzi: theluji kavu ya baridi kali inataka nta ngumu, theluji yenye majimaji inataka laini. Ukikosea, ama skii inateleza kinyumenyume ama inabeba theluji kama gundi.

Kwa hiyo mapafu pekee hayatoshi. Mkenya Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kabla ya kwenda Ufini kujifunza mchezo huu miaka ya 1990. Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, katika kilomita 10, alimaliza wa 92, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norwei, ambaye alimsubiri kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia. Mapafu Boit alikuwa nayo, na ujasiri pia. Alichokosa ni utoto mzima wa kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu.

Hakulinen alikuwa nao. Naamini uwezo wake mpana ulitoka hapo: anayepoteza nguvu kidogo katika kila hatua ana faida katika kilomita 10, na katika 50 faida hiyohiyo inajilimbikiza. Tazama alivyofanya baada ya Oslo. Mashindano ya dunia ya Falun, Uswidi, mwaka 1954: dhahabu ya kilomita 15, dhahabu ya kupokezana, na katika 30 na 50 akawa wa pili nyuma ya Vladimir Kuzin wa Umoja wa Kisovieti. Cortina, Italia, 1956, kilomita 30 zilipoingizwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, alishinda yeye. Mashindano ya dunia ya Lahti, Ufini, 1958, dhahabu ya 15 tena.

Tahadhari moja kwa wapenzi wa riadha: msilinganishe saa. Cortina alikwenda kilomita 50 kwa 2:51:45, dakika 41 haraka kuliko Oslo, na akapata medali ya fedha. Njia ni nyingine, theluji ni nyingine. Katika mchezo huu unashindana na waliopo siku hiyo tu.

Sasa Squaw Valley, Februari 1960. Katika mbio za mtu mmoja mmoja enzi hizo, waliondoka kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo ungeweza kushindwa na mtu ambaye hukumwona kabisa. Ndivyo ilivyokuwa katika kilomita 15: Håkon Brusveen wa Norwei alichukua dhahabu, Hakulinen shaba, sekunde 7.5 kati yao. Siku mbili baadaye walikutana ana kwa ana kwenye zamu ya mwisho ya kupokezana. (Sisi husema kupokezana vijiti, lakini huku hakuna kijiti, anayefika humgusa mwenzake kwa mkono.) Brusveen aliondoka akiwa na akiba ya sekunde 20 hivi.

Kwa hesabu ya kocha, sekunde 20 katika kilomita 10 ni sekunde mbili kwa kila kilomita. Inaonekana rahisi ukiwa umekaa. Ukiwa mbioni unatamani kuzila zote mapema, na hapo ndipo wengi wanapojimaliza. Zaidi ya hayo, eneo lile liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na kule deni la pumzi halilipiki haraka. Na aliyekuwa mbele ndiye aliyemshinda juzi yake. Hakulinen alimfikia na kumpita zikiwa zimebaki kama mita mia moja. Ufini 2:18:45.6, Norwei 2:18:46.4.

Siku mbili baada ya hapo alisimama tena kwenye mstari, safari hii kilomita 50, akapata fedha, sekunde 20 nyuma ya Kalevi Hämäläinen wa nchi yake. Shaba, dhahabu na fedha ndani ya siku tano, kwa umbali wa 15, 10 na 50. Jumla ya medali zake za Olimpiki ikafika saba.

Wengi wangestaafu. Yeye aliingia baiatloni, mchezo wa skii na bunduki, na mwaka 1963 akawa na timu ya Ufini iliyopata fedha ya dunia. Mwaka uliofuata, Innsbruck, Austria, akiwa na miaka 39, alishiriki Olimpiki kwa kilomita 20. Humo unasimama mara nne kupiga risasi tano tano, moyo ukiwa bado unadunda kwa kasi ya mbio, na enzi hizo kila risasi iliyokosa shabaha ilikugharimu dakika mbili. Alimaliza wa 15.