Nafasi ya uzamivu Ulaya: kwanza ni kazi

Mhandisi aliyemaliza shahada ya uzamili Dar es Salaam au Nairobi, akitaka kwenda Ulaya kwa uzamivu, kwa kawaida hutafuta chuo kwanza, kisha ndipo ahangaikie ufadhili. Kwa Uholanzi, Sweden, Norway na Denmark njia hiyo imepinduka. Huko nafasi ya uzamivu ni ajira: profesa amepata fedha za mradi, anahitaji mtu wa kuufanya, anatangaza. Anayechaguliwa husaini mkataba wa miaka mitatu au minne, hulipwa mshahara unaokatwa kodi na hupewa likizo. Ada halipi, kwa kuwa tasnifu yenyewe ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni tangazo la kazi. Ya Uholanzi hukusanywa kwenye tovuti ya AcademicTransfer, ya Norway kwenye Jobbnorge, na Euraxess, inayoendeshwa na Tume ya Ulaya, hubeba ya nchi nyingi kwa pamoja.

Tangazo lisomwe kwa makini, maana mada huwa imeshaamuliwa. Kama mradi unahusu nyufa za zege, mwenye mradi hana haja na andiko lako refu kuhusu nishati ya jua, hata liwe zuri vipi. Anataka kuona ulichokwisha kufanya kinachokaribiana na nyufa zake: tasnifu yako ya uzamili, programu uliyoiandika, mashine ya maabara unayoimudu. Barua ya ukurasa mmoja au miwili inatosha. Ile barua pepe moja inayotumwa kwa maprofesa hamsini, jina tu likibadilishwa, hutambulika kwenye mstari wa kwanza.

Ujerumani nako wengi huajiriwa, ila angalia asilimia. Vyuo vya umma hulipa watafiti hawa kwa ngazi ya mishahara iitwayo E13, na mkataba waweza kuwa wa asilimia 100 ya saa za kazi au wa nusu tu. Uhandisi mara nyingi hupewa asilimia kubwa kuliko sayansi nyingine. Mshahara hufuata asilimia hiyo. Saa za maabara, kwa desturi, hazifuati.

Uingereza ni habari nyingine: mtafiti wa uzamivu huhesabiwa mwanafunzi, ada ipo, na asiyepata ufadhili hujilipia mwenyewe. Huko ule utaratibu wa chuo kwanza na fedha baadaye bado una maana.

Kuna pia mitandao ya uzamivu ya mpango wa Marie Skłodowska-Curie, yaani vyuo na taasisi za nchi mbalimbali zinazoshirikiana kuajiri watafiti wa uzamivu, inayogharimiwa na Umoja wa Ulaya. Huajiri watu wa uraia wowote, ilimradi mwombaji hana shahada ya uzamivu tayari. Sharti linalowanasa wengi ni la makazi: katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa, mwombaji asiwe ameishi au kufanya shughuli zake kuu kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi anayoombea. Aliyetoka tu kusoma uzamili wa miaka miwili Delft hawezi kuchukua nafasi ya aina hii Uholanzi, hata profesa wake akimtaka, ingawa Ubelgiji, hapo jirani, mlango uko wazi. Anayeomba akiwa Mwanza sharti hilo halimgusi.