Je, wajua jeni hutambuliwaje ndani ya kromosomu iliyokwisha kusomwa?

Mnamo Desemba 1999, jarida la Nature lilichapisha mpangilio wa herufi (alama za viambato vinne vya DNA) za kromosomu ya 22, ambayo ilikuwa kromosomu ya kwanza ya binadamu kusomwa karibu yote. Watafiti walioongozwa na Ian Dunham wa Sanger Centre nchini Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa Marekani na Japani, walisoma herufi milioni 33.4 na kuacha mapengo 11, huku mkono mfupi wa kromosomu hiyo, yaani sehemu yake iliyo fupi kati ya mbili, ukiwekwa kando.

Hata hivyo, herufi hizo ni A, C, G na T zinazofuatana bila nafasi wala nukta, na hakuna kinachoonyesha jeni inaanzia wapi. Kuitafuta ni kazi nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu zaidi.

Dalili ya kwanza imo katika herufi zenyewe. Seli husoma maagizo ya kuunda protini kwa mafungu ya herufi tatu yanayoitwa kodoni: ATG huashiria mwanzo, ilhali TAA, TAG na TGA huashiria kikomo. Kwa kuwa kodoni 3 kati ya 64 ni za kikomo, herufi zilizojipanga kwa bahati tu zingekutana na kikomo kila baada ya kodoni 21 hivi. Kompyuta inapopita kodoni mia kadhaa bila kukutana nacho, kuna sababu ya kushuku kwamba pana jeni hapo.

Kwa bakteria, mbinu hiyo hufika mbali. Kwa binadamu hukwama, kwa sababu jeni zetu nyingi zimekatikakatika: vipande vyenye maagizo, yaani eksoni, hutenganishwa na introni, ambazo mara nyingi ni ndefu mno. Tazama jeni ya distrofini, protini ya misuli, iliyo kwenye kromosomu X. Imeenea katika herufi zaidi ya milioni 2, lakini eksoni zake 79 zikiunganishwa hufikia takriban herufi 14,000 tu. Introni nyingi huanza na GT na kuishia na AG, ila herufi mbili mbili za namna hiyo zimejaa kila mahali, hivyo kompyuta hudanganyika kwa urahisi.

Ushahidi wenye uzito zaidi hutoka kwenye seli yenyewe, ambayo hunakili jeni kuwa RNA (molekuli inayofanana na DNA), hukata introni na kuunganisha eksoni. Watafiti huisoma RNA hiyo, kisha huilinganisha na kromosomu: panapolingana pana eksoni, na panaporukwa pana introni. Hulinganisha pia na wanyama kama panya, kwa kuwa herufi zenye kazi muhimu hubadilika polepole.

Bado kuna jeni mfu, yaani nakala zilizoharibika zinazofanana sana na jeni hai. Kwenye kromosomu ya 22 zilihesabiwa 134, kando ya jeni 545. Kuzitenga huhitaji mtaalamu anayepitia ushahidi kipande kwa kipande, akitafuta, kwa mfano, kodoni ya kikomo iliyojitokeza katikati ya maagizo. Idadi hizo zimerekebishwa tangu wakati huo, na mkono mfupi ulioachwa ulisomwa wote katika mpangilio kamili uliochapishwa mwaka 2022.