Kwa nini tahadhari ya seva hunyamazishwa kwa muda badala ya kuzimwa?

Fundi anayetaka kuzima seva usiku ili aongeze diski anajua kitakachofuata: mfumo wa ufuatiliaji utaona seva haijibu, na simu ya mwenzake aliye zamu italia. Kwa hiyo huinyamazisha tahadhari hiyo kwanza. Mbona asiizime moja kwa moja, akimaliza aiwashe?

Ni kwa sababu kupima ni kazi moja na kutoa taarifa ni kazi nyingine. Katika Prometheus, mfumo ulioanzia kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, kazi hizo hata zina programu mbili tofauti. Prometheus yenyewe hukusanya vipimo na kukagua masharti ya tahadhari, mathalani “seva haijibu”. Alertmanager huamua nani aarifiwe. Unyamazishaji hufanyika kwa huyu wa pili. Seva inaendelea kupimwa na tahadhari inaendelea kuwaka, ila ujumbe hautoki. Asubuhi timu inaweza kuona seva ilikaa kimya dakika ngapi na ilirejea saa ngapi.

Zabbix, mfumo mwingine wa ufuatiliaji, hukupa uchaguzi: matengenezo yenye kukusanya data, au yasiyokusanya. Hilo la pili mimi nalikwepa, kwani huacha pengo kwenye grafu katika saa zile zile ambazo mabadiliko makubwa yalifanyika.

Sababu kubwa zaidi ni usahaulifu wa binadamu. Kazi ikiisha saa tisa usiku, mtu amechoka, anafunga kompyuta na kulala. Sharti alilolifuta linaweza kubaki limefutwa miezi kadhaa, na hakuna atakayegundua hadi diski ijae. Alertmanager haikubali unyamazishaji usio na saa ya mwisho. Muda ukiisha na tatizo lingalipo, ujumbe unatoka, hata kama fundi amesahau kila kitu. Nagios, mfumo mwingine wa aina hiyo, nayo ina muda wa matengenezo unaonyumbulika: unataja kipindi, lakini saa zinaanza kuhesabiwa pale seva inapoanguka kweli ndani ya kipindi hicho.

Hatari iliyobaki ni upana. Tahadhari huchaguliwa kwa lebo zake, mathalani jina la seva au la huduma. Ukiandika lebo ya mazingira yote ya uzalishaji, yaani seva zote zinazowahudumia watumiaji halisi, wakati unagusa seva moja, hifadhidata nyingine ikianguka saa hiyo hiyo hakuna atakayeamshwa. Taja seva yenyewe, na ikiwezekana tahadhari yenyewe.

Kazi ikiisha mapema, unyamazishaji unaweza kukatishwa hapo hapo. Alertmanager huuhifadhi kwa saa 120 zaidi, isipokuwa umebadilisha mpangilio, pamoja na jina la aliyeuweka na sababu aliyoiandika. Kwa hiyo andika sababu inayoeleweka: “kuongeza diski” humsaidia anayepokea zamu, “majaribio” haimwambii lolote.