Je, wajua kwa nini filamu ya The Watermelon Woman bado inawagawanya watazamaji wake?

Watu wawili wakitazama The Watermelon Woman usiku mmoja, katika chumba kimoja, ni rahisi kabisa watoke na hukumu mbili zisizopatana. Wa kwanza atasema kwamba ni kazi ya wanafunzi: waigizaji wanatamka maneno yao kwa ugumu, ubora wa picha unapanda na kushuka, na mapenzi yanayosimuliwa hayana moto. Wa pili atasema kwamba hajawahi kuona filamu iliyomgusa kiasi hicho, na huenda akaomba irudiwe tangu mwanzo. Hali imekuwa hiyo tangu filamu ilipoonyeshwa mwaka 1996 katika tamasha la Berlin, ambako ilipata tuzo ya Teddy inayotolewa kwa filamu zinazohusu wapenzi wa jinsia moja. Hapa Lubumbashi, ambako inapita kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono na kutazamwa sebuleni milango ikiwa imefungwa, mabishano ni yaleyale. Naamini mgawanyiko huo una sababu zinazoelezeka, na kwamba sababu zenye uzito zaidi zimo ndani ya filamu yenyewe, si katika tofauti za ladha peke yake.

Kwanza kisa chenyewe. Cheryl Dunye, aliyezaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1966 na kukulia Philadelphia, Marekani, ndiye aliyeandika filamu, akaiongoza, na akaigiza kijana anayeitwa Cheryl kama yeye. Kijana huyo anafanya kazi katika duka la kukodisha kanda za video pamoja na rafiki yake Tamara. Wote wawili ni wanawake Weusi wanaopenda wanawake. Cheryl ana mazoea ya kutazama filamu za zamani za miaka ya 1930 ili awaone waigizaji Weusi, na siku moja anakutana na mwanamke mzuri anayeigiza mtumishi katika kisa cha mashamba ya watumwa. Anatafuta jina lake kwenye orodha ya waigizaji na kukuta ameandikwa tu “Mwanamke wa Tikiti Maji”, yaani The Watermelon Woman. Anaamua kumtafuta, huku akijirekodi. Polepole anagundua kwamba aliitwa Fae Richards, kwamba alikuwa pia mwimbaji, kwamba aliwahi kupendana na mwongozaji Mzungu aitwaye Martha Page, na kwamba baadaye aliishi miaka mingi na mwanamke Mweusi aitwaye June Walker. Wakati huohuo Cheryl mwenyewe anaanza uhusiano na mteja Mzungu, Diana, jambo ambalo Tamara halipendi hata kidogo na halifichi.

Msomaji wa Katanga anaweza kujiuliza jina hilo lina ubaya gani, kwa kuwa tikiti maji, ambalo sokoni kwetu wengi huliita pasteki, ni tunda tu. Nchini Marekani, utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, Weusi walioachwa huru walilima tikiti maji na kuliuza, na biashara hiyo ikawapa kipato kisichotoka kwa bwana yeyote. Wazungu waliochukizwa na uhuru huo waliligeuza tunda kuwa dhihaka, wakawachora Weusi katika magazeti na kadi za posta kama watu wavivu wasiojua lolote ila kula tikiti. Kwa hiyo kumwandika mwigizaji kwa jina hilo ni kumtukana na kumficha kwa pamoja.

Sasa nirudi kwa mtazamaji wa kwanza, anayelalamikia ubora, kwa sababu lalamiko lake lina msingi. Filamu iligharimu takriban dola 300,000, kiasi ambacho ni kidogo sana kwa filamu ndefu ya Kimarekani hata kwa wakati ule. Dola 31,500 zilitoka katika mfuko wa serikali ya Marekani wa kusaidia sanaa. Nyingine zilichangwa kwa watu waliotaka kazi hiyo ifanyike. Baadhi ya waliosimama mbele ya kamera hawakuwa waigizaji kabisa. Mama mzazi wa mwongozaji, Irene Dunye, anaonekana kama yeye mwenyewe. Mwandishi Sarah Schulman anakuwa mtunza nyaraka. Mshairi Cheryl Clarke ndiye June Walker. Na mtayarishaji wa filamu, Alexandra Juhasz, ndiye Martha Page. Mtu anayeona kwamba wengine kati yao hawajui wafanye nini na mikono yao ameona sawasawa.

Hata hivyo, mabadiliko ya ubora wa picha hayatokani na umaskini tu. Sehemu za maisha ya Cheryl, dukani na nyumbani, zilipigwa kwa filamu ya milimita 16, ambayo ina rangi laini. Sehemu anazojirekodi, anazowahoji watu mitaani na kuzungumza moja kwa moja na kamera, zilipigwa kwa video ya kawaida ya miaka ile, yenye mwanga mkali na kingo zinazotetemeka. Mtazamaji hafundishwi tofauti hiyo, lakini macho yake yanaizoea haraka: picha ikiwa mbaya, anaamini anaona ukweli, picha ikiwa nzuri, anajua anatazama hadithi. Wanaolalamika kwamba video inaharibu filamu wanataja jambo ambalo bila hilo ujanja wote wa filamu, ambao nitaueleza hivi punde, usingefanya kazi. Sitetei kila kitu. Mazungumzo ya Cheryl na Diana ni makavu mara nyingi, na zipo dakika dukani ambazo mkono mkali zaidi wa mhariri ungezikata.

Vijana wana sababu nyingine ya kuvunjika moyo. Wengi wao walianza na Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ambayo mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, ikapigwa marufuku nyumbani, kisha mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Hiyo ni filamu ya rangi zinazong’aa, na mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi ndiyo yanayoisukuma tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetoka huko akaingia kwenye kazi ya Dunye akitarajia mapenzi hukuta kwamba mapenzi ya Cheryl na Diana yako pembeni, na kinachoisukuma filamu ni msako wa mwanamke aliyesahauliwa. Kwa maoni yangu, hukumu nyingi za “haina moto” ni za mtu aliyesubiri mlango usio wenyewe.

Tufike sasa kwenye kiini. Fae Richards hakuwahi kuishi. Filamu ya mashamba ambamo Cheryl anamwona, Martha Page, June Walker, maisha yote yale, vilibuniwa. Picha zake za zamani, ambazo Cheryl anaziweka moja moja mbele ya kamera, zilitengenezwa na mpigapicha Zoe Leonard kati ya 1993 na 1996, mwigizaji Lisa Marie Bronson akiwa ndiye Fae. Ziko 82: 78 ni za rangi nyeusi na nyeupe, na nne tu, zile za uzeeni, ni za rangi, kama ambavyo albamu ya familia yoyote ya karne iliyopita ingekuwa. Anaonekana msichana, kisha mwimbaji wa klabu, kisha mwigizaji aliyepambwa kwa ajili ya studio, kisha mama mtu mzima akiwa na wenzake nyumbani. Ziliongozana na kurasa saba za maelezo yaliyopigwa taipu, na kazi hiyo ilionyeshwa baadaye kama kazi inayojitegemea katika jumba la sanaa la Whitney, New York, mwaka 1997. Ukizitazama kwa karibu, mavazi, mitindo ya nywele, hata namna ya kusimama mbele ya kamera vinafuata muongo baada ya muongo, na hakuna kinachokuambia usiamini.

Filamu inalisema jambo hili mara moja tu, na inalisema mwishoni. Wakati majina ya washiriki yanapopita, yanatokea maandishi yanayoeleza kwamba wakati mwingine mtu hulazimika kujitungia historia yake, na kwamba Mwanamke wa Tikiti Maji ni hadithi ya kubuni. Chini yake kuna jina la Dunye na mwaka 1996. Anayezima kompyuta majina yanapoanza anaondoka akiwa anaamini. Nimeshuhudia hilo katika nyumba moja ya Katuba, hapa hapa jijini: umeme ulikatika hadithi ikiwa imekwisha lakini maandishi hayajafika, na watu wakaketi gizani wakimzungumzia Fae kama marehemu wanayemfahamu. Msichana mmoja alimgeukia mkubwa wake, yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa hapa kwetu, na kumuuliza, “Yaya, uyu mama alikuwaka kweli?” Yaya akajibu bila kusita kwamba ndiyo, picha si wamezionyesha. Umeme uliporudi, wakaona maandishi, na maoni yakagawanyika pale pale. Mmoja alisema ametapeliwa. Mwingine alisema sasa ndipo filamu imekuwa kubwa.

Kwa nini Dunye alibuni badala ya kumtafuta mtu wa kweli? Ameeleza kwamba alizunguka katika hifadhi za nyaraka, na kwamba alichohitaji ama hakikuwepo ama gharama yake ilimshinda. Wanawake Weusi walikuwemo katika filamu za Hollywood za wakati ule, lakini kama wapishi na yaya wa watoto, wengi bila kuandikwa majina. Hattie McDaniel, Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, aliipokea mwaka 1940 kwa kuigiza mtumishi, na usiku huo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Ikiwa huyo aliyetukuzwa alifanyiwa hivyo, mwigizaji wa mistari miwili aliyependa wanawake asingeweza kuacha barua na picha zake mahali ambapo mtafiti angezikuta. Dunye alimtengeneza mtu ambaye bila shaka wa aina yake waliishi, na akampa kila kitu ambacho hifadhi zilimnyima: jina, sauti, nyumba, wapenzi, uzee.

Ndiyo maana, nadhani, wakazi wengi wa Lubumbashi ninaozungumza nao kuhusu filamu hii wanaisamehe kasoro zake upesi. Jiji letu limekulia katika kivuli cha Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo iliacha picha tele za wafanyakazi waliopangwa mstari, wenye nguo za kazi au wasio nazo, bila jina hata moja ambalo mjukuu angeweza kulisoma. Msanii wetu Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, alizichukua picha za aina hiyo na katika mfululizo wake wa Mémoire wa mwaka 2006 akawasimamisha watu hao mbele ya magofu ya viwanda vya leo. Aliyewahi kutazama kazi hiyo na kutafuta sura ya babu yake katika ule mstari haelezwi mara mbili Cheryl anatafuta nini. Mashavu yanayofanana yapo, jina halipo.

Zipo pia hukumu ambazo hazikuhitaji kuiona filamu. Ina tukio moja fupi la mapenzi ya kimwili kati ya Cheryl na Diana, na lilipotajwa gazetini, baadhi ya wanasiasa wa Washington walikasirika kwamba fedha za umma zimetumika. Mbunge Peter Hoekstra wa Michigan alipendekeza mfuko wa sanaa ukatwe dola 31,500, kiasi kilekile ambacho filamu ilipewa. Kwetu, sheria haitaji waziwazi mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, lakini Katiba ya 2006, katika ibara ya 40, inataja ndoa kuwa ya watu wa jinsia tofauti, na jamii ni kali kuliko maandishi. Kwa hiyo maoni anayoyatoa mtu barabarani na anayoyatoa sebuleni mara nyingi ni mawili, na mimi naamini zaidi yale ya sebuleni.

Mwaka 2016, ilipotimiza miaka 20, filamu ilifanyiwa ukarabati na kurudishwa kwenye majumba ya sinema, na mwaka 2021 ikaingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Heshima hiyo ni haki yake. Imeongeza pia idadi ya wanaokatishwa tamaa, kwani anayeambiwa kwamba anakwenda kuona kazi ya kihistoria hutarajia fahari, na hapa hukuta duka la video na wasichana wanaotaniana.

Bishano ninalotamani watazamaji walifanye zaidi ni lile linaloanzishwa na June Walker. Anaugua kabla ya kukutana na Cheryl, na kumwachia picha pamoja na barua inayomsihi asimwingize kabisa kwenye filamu yule Mzungu, Martha Page, kwa kuwa maisha ya Fae yalikuwa na wao waliompenda na kuishi naye. Cheryl anaisoma, anaieleza kwa heshima, kisha katika maneno yake ya mwisho anasema kwamba Fae anayemjua June na Fae anayemhitaji yeye si mmoja, na anambakiza Martha ndani ya filamu. Wazee niliotazama nao wengi wako upande wa June: aliyemzika ndiye mwenye neno. Vijana wako upande wa Cheryl, kwa sababu ukifuta sehemu moja ya maisha ya mtu kwa aibu, umefanya kilekile alichofanya aliyeandika “Mwanamke wa Tikiti Maji”. Mimi niko na vijana, ingawa kila ninaposikia barua ile ikisomwa namwelewa June vizuri zaidi.