Hedhi kuchelewa: aliyechelewa ni yai

Anasubiri kwanza mteja mwingine aondoke, ndipo anasogea kaunta na kushusha sauti. "Shikamoo dada. Naomba kile kipimo." Kwenye duka la dawa huku Tandika hakuna anayeuliza kipimo gani, ni cha mimba. Mimi huuliza kitu kimoja tu: umepitiliza siku ngapi? "Mwezi uliopita niliona tarehe 5, leo tarehe 9." Basi siku nne, anasema.

Wengi tunahesabu hivyo, tarehe kwa tarehe, kama kodi ya nyumba. Lakini mzunguko wa hedhi haujui mwenye nyumba. Unahesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku inayotangulia damu nyingine, na kwa mtu mzima siku 21 hadi 35 zote ni kawaida. Kwa msichana aliyevunja ungo juzijuzi zinaweza kufika 45. Chukua mwenye siku 28 aliyeona tarehe 5 Januari: ataona tena 2 Februari, halafu 2 Machi, halafu 30 Machi hiyohiyo. Ukimpa kalenda ya ukutani atakwambia Machi ameona mara mbili, ana tatizo. Hana. Hata mtu mwenye mzunguko mzuri hupishana siku kadhaa kutoka mwezi hadi mwezi, kwa hiyo siku nne za huyu binti bado si habari kubwa.

Sasa tuseme kweli zimepita. Kinachochelewa ni nini hasa? Watu wakisikia "kuchelewa" wanafikiria damu ipo, imekwama mahali. Sivyo. Kila mzunguko ubongo hutuma homoni kwenye ovari, yai likapevuka na kutoka. Kile kifuko lilikotoka hubaki kikitoa homoni ya projesteroni kwa muda wa kama wiki mbili, kisha, kama mimba haikutunga, kinanyauka. Projesteroni ikishuka, utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unabomoka: hiyo ndiyo hedhi. Zile wiki mbili za mwisho hazinyumbuliki sana. Kinachonyumbuka ni muda wa kabla yai halijatoka. Mwenye siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14, mwenye 35 karibu na siku ya 21. Kwa hiyo ukiacha suala la mimba kando, hedhi iliyochelewa leo mara nyingi ni yai lililochelewa wiki mbili au tatu zilizopita, siku ambazo hukuwa unawaza habari hiyo kabisa.

Ndiyo maana nikimuuliza mtu "mwezi huu ulikuwa unaumwa?" ananishangaa. Homa kali, msiba, mitihani ya chuo, kupungua uzito kwa haraka, mazoezi ya kupitiliza: ubongo ukiona mwili una shida, unaahirisha yai. Kunenepa sana pia huvuruga.

P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, inafanya kazi hivyohivyo, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Dawa hiyo huzuia mimba hasa kwa kuchelewesha yai kutoka. Sasa ukiwa umesogeza yai, na hedhi inasogea, wengine inawahi. Binti anakunywa P2 ili asiwe na wasiwasi, kisha anapata wasiwasi kwa sababu ya P2. Ikipita wiki nzima juu ya siku uliyotarajia, pima. Sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu ni ya uzito mwingine: inaweza kukata hedhi kabisa, na hata ukiiacha mzunguko huchukua miezi kadhaa kurudi. Kijiti nacho huvuruga. Kitanzi cha shaba hakina homoni, usikisingizie.

Anayenyonyesha anaweza kukaa miezi bila kuona, lakini yai linaweza kutoka kabla ya damu ya kwanza, kwa hiyo wapo wanaoshika mimba kabla hawajaona hata mara moja. Kuanzia miaka ya arobaini na kitu mizunguko huanza kuruka yenyewe. Tezi ya shingo ikiwa na hitilafu, hedhi huyumba. Ikiwa inaruka mara kwa mara huku chunusi na ndevu zinaota, daktari ataangalia kama ovari zinaanzisha mayai bila kuyapevusha. Maziwa yakitoka na hunyonyeshi, nenda pia.

Kitu kinachonikera ni "dawa ya kushusha". Mtu hajapima, anataka mitishamba ya kusafisha kizazi kwa kuwa damu chafu imejikusanya. Hakuna damu iliyojikusanya. Utando haujapata amri ya kubomoka, basi. Na kama ni mimba, hizo dawa zinaweza kumtia hatarini.

Kipimo chenyewe hutafuta homoni ya mimba kwenye mkojo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio mzito. Kisome ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, usikiache kabatini ukarudi jioni. Mstari mmoja, yaani hakijaona mimba, na hedhi bado? Rudia baada ya wiki, maana yai likichelewa kutoka, mimba nayo huwa changa kuliko unavyodhani. Ila kama hedhi imechelewa, tumbo linauma sana upande mmoja, kuna damu kidogo, kizunguzungu au bega linauma: hapo hakuna kusubiri asubuhi, ni hospitali saa hiyohiyo, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko. Vinginevyo, miezi mitatu bila kuona kwa aliyekuwa na mzunguko mzuri, kamuone daktari.

Binti wa tarehe 9 nilimpa kipimo chake kwenye bahasha ya kaki. Akageuka mlangoni. "Dada, hivi kumbe niandike tarehe ya kuanza au ya kumaliza?"

Ya kuanza, mdogo wangu. Ndiyo hiyo nesi atakayokuuliza.